Sauti Isiyopumua

Jioni ile nilikuwa natoka kujaza mtungi wa gesi. Jua lilikuwa linazama, watoto walikuwa nyumbani na njaa yao, na kichwani sikuwa na jambo jingine zaidi ya mboga. Simu ikaita. Alikuwa mkuu wangu wa zamu, mtu ambaye sote tulimwita Bwana Chai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila chupa yake ya chai.

"Dada, uko wapi?"

"Njiani, Mzee. Nina mtungi kwenye gari, naenda kupika."

"Utapika kesho. Mwenzako wa zamu ameanza kutapika, nimemrudisha kwake. Njoo unishikie jioni hii mpaka nimpate mtu wa usiku."

"Na wanangu wale nini?"

"Baba yao ana mikono miwili. Atajua la kufanya."

Nikacheka, nikageuza gari.

Mimi nilikuwa mwongoza ndege. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa napunga vibendera uwanjani. Kazi yenyewe ni kukaa juu ya mnara, hedifoni masikioni, na kuhakikisha ndege mbili hazifiki mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hilo tu. Yaliyobaki ni mapambo.

Siku zile rada yetu ilikuwa imepigwa na radi, na fundi alikuwa bado anasubiri kifaa. Bila rada, ndege ikishaingia mawinguni huioni tena. Unaitenganisha na mwenzake kwa maneno matupu. Rubani anakuambia yuko kimo gani, unaandika kwenye kikaratasi chembamba, na yule mwingine unampa kimo tofauti, futi elfu moja juu yake au chini yake. Ukidanganywa, watu wanakufa. Lakini nani akudanganye? Mnafanya kazi na watu mnaojuana kwa sauti.

Nyuma ya vilima kulikuwa na kituo kingine, kidogo kuliko chetu. Ndege ikitoka kule kuja kwetu, mtu wa kule alinipigia kwenye simu ya kituo kwa kituo, akanikabidhi. Ikitoka kwetu, nilimkabidhi mimi. Aliyekuwa akikaa pale jioni nilimpa jina la Kaka Ng'ambo, naye akalipenda. Tuliongea karibu kila siku kwa miaka mingi bila kuonana sura. Nilijua anavyokohoa akiwa na mafua. Nilijua anavyomwogopa mama mkwe wake. Nilipojifungua mapacha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kazini kunipa hongera.

Na nilijua kwamba hata siku moja hakuacha namba ipite bila kunifanya niirudie. "Rudia, dada'ngu," alikuwa akisema. "Masikio yangu yana nta."

Nilipofika juu, Bwana Chai alikuwa amesimama kwenye kioo akitazama vilima. Chumba cha mnarani ni kioo pande zote, kwa hiyo giza huingia kwako taratibu, kama maji yanayopanda. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya vilima. Feni ilikuwa inapiga kelele zake. Chini, kwenye njia ya kurukia, taa zilikuwa zimewashwa.

"Kuna mmoja yuko tayari kuruka," Bwana Chai aliniambia, akanimiminia chai bila kuniuliza. "Amejaza watu. Anaelekea ng'ambo."

Nikavaa hedifoni. Nikaweka mguu karibu na kikanyagio, maana ukikikanyaga ndipo sauti yako inapotoka kwenda kwa marubani. Kisha nikainua simu ya kituo kwa kituo.

Kwa kawaida huita kidogo. Safari hii haikuita.

"Dada'ngu," sauti ikasema, kana kwamba ilikuwa imekaa ndani ya simu ikiningoja.

"Kaka, shikamoo ya jioni. Nina mmoja anakuja kwako, atapanda hadi futi elfu kumi na mbili. Wewe una nani?"

"Nina mgeni anakuja kwako. Elfu kumi na tatu."

"Sawa. Wangu kumi na mbili, wako kumi na tatu."

Nikasubiri aniambie nirudie.

Hakuniambia.

"Umechoka leo?" nikamuuliza.

"Nikaribishie mgeni," akasema. Simu ikakatika.

Nilipoirudisha mahali pake, niliona kiganja changu kimelowa. Nikanusa. Harufu ilikuwa ya bucha asubuhi, kabla hawajamwaga maji sakafuni. Nikajifuta kwenye sketi. Nikajiambia labda ni yule mwenzangu aliyetapika, labda alishika simu.

Ndege yetu ikaruka. Rubani wake alikuwa kijana mmoja mpole, mtu wa utani, ambaye sauti yake nilikuwa nimeizoea. Nikamwambia apande hadi elfu kumi na mbili na asizidi hapo. Akarudia vizuri. Taa zake zikaingia kwenye wingu, zikapotea.

Muda si mrefu akaniita.

"Dada, huku tunatikiswa vibaya. Abiria wanapiga kelele. Nipatie kimo cha juu zaidi."

"Vumilia. Kuna mkubwa anakuja mbele yako, yuko juu. Mkishapishana nakupandisha."

Simu ikaita.

"Mgeni amepita," sauti ya Kaka Ng'ambo ikasema. "Mpandishe."

"Wamepishana tayari?"

"Wamepishana. Mpandishe."

Mtu huyu alikuwa amenipa kauli kama hiyo mara zisizohesabika, na hakuwahi kunikosesha. Nikakanyaga kikanyagio. "Panda hadi futi elfu kumi na sita." Rubani akashukuru. Alikuwa bado hajafika hata elfu kumi. Ndege ilikuwa nzito, ilikuwa inapanda kwa kujikokota.

Bado nilikuwa na simu sikioni. "Asante, kaka," nikasema. "Haya, wa kwako wazima?"

"Hongera kwa mapacha, dada'ngu."

Nikaigandamiza simu sikioni.

Mapacha wangu walikuwa darasa la tatu.

"Kaka, hongera gani tena?"

"Hongera kwa mapacha. Masikio yangu yana nta. Nikaribishie mgeni."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa yeye kabisa, mpaka ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho. Lakini sasa nilikuwa nasikiliza. Mtu akiongea na simu, kati ya neno na neno anavuta pumzi. Huyu hakuwa akivuta. Maneno yalikuwa yanatoka moja nyuma ya jingine, bila kifua nyuma yake. Na kila neno nilikuwa nimeshalisikia. Yalikuwa ya zamani. Ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya siku niliyojifungua. Kuna kitu kilikuwa kinayaokota na kuyapanga.

Nikanong'ona, "Kaka. Niambie jambo moja ambalo hujawahi kuniambia."

Maneno yakaisha.

Kisha... tone. Tone jingine. Kitu kilikuwa kinadondoka kwenye bati, upande wa pili wa simu.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo lingepaswa kunijia mapema. Ndege ikishapita kutoka kwake, rubani wake hunijia mimi redioni. Ananisalimia, ananipa kimo chake. Hakuna aliyekuwa ameniita.

Hawakuwa wamepishana.

"Mzee," nikamwambia Bwana Chai, "sikiliza simu hii. Huyu si mwenzetu."

Kwenye meza ya mkuu wa zamu kulikuwa na mkono wa pili wa simu ileile. Akauinua, akauweka sikioni. Mimi nilikuwa tayari nimeurudisha wangu mahali pake na kugeukia maikrofoni. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikunja uso kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Kisha uso wake ukalainika. Damu nyembamba ikamtoka sikioni, ikashuka shingoni, ikaingia kwenye kola nyeupe.

"Mzee?"

Akaweka simu chini. Taratibu. Akaja.

Nilikuwa ndiyo kwanza nanyoosha mguu kwenye kikanyagio aliponishika kisogo na kunibamiza uso mezani.

Nilisikia jino likivunjika kabla ya maumivu kufika. Akaniinua kwa nywele, akanibamiza tena. Vikaratasi vya ndege vikaruka. Mtu huyu alikuwa na mwili mkubwa, lakini alikuwa mpole wa kupindukia. Nilikuwa nimemwona akimtoa nyuki nje kwa kikombe ili asimuue. Sasa aliokota waya wa taa ya mezani, akauzungusha shingoni mwangu, akavuta.

"Mwache apande," akasema.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Kaka Ng'ambo.

Nikampiga kiwiko. Nikampiga tena. Ilikuwa kama kupiga gunia la mchanga. Mkono wangu ukapapasa mezani, ukaikuta chupa ya chai. Nikaishika kwa shingo, nikaizungusha nyuma kwa nguvu zote. Kioo cha ndani kikapasuka, chai ya moto ikammwagikia usoni. Niliiona ngozi ya shavu lake ikigeuka rangi na kujikunja. Kipande cha kioo kilikuwa kimeingia chini ya jicho, kimekaa humo.

Hakupepesa macho.

Akavuta waya zaidi. Kiti kikapinduka, tukaanguka wote, yeye juu yangu. Goti lake likatua kwenye mkono wangu wa kulia na nikasikia vidole vikivunjika. Macho yangu yakaanza kuona mekundu pembeni. Nje ya kioo palikuwa pamebaki mstari mwembamba tu wa jua. Nakumbuka niliuangalia nikawaza, ndege imefika elfu kumi na moja sasa. Imepita kumi na moja.

Hedifoni ilikuwa bado kichwani mwangu. Maikrofoni yake ilikuwa imepinda, imegusa kidevu.

Nikatafuta kikanyagio kwa mguu.

Nilikuwa nimelala chali, sioni, siwezi kugeuza kichwa. Kisigino kikagonga mguu wa meza. Kikagonga ukuta. Kikagonga kitu cha mpira, kikateleza, nikakirudia. Nikakanyaga. Hapo nikaingiza vidole vya mkono wa kushoto chini ya waya, ngozi ya shingo ikachunika, nikapata nafasi ya pumzi moja.

Sikujua kama inayotoka ni maneno au ni yowe. Nilisema, "Shuka. Shuka sasa hivi. Elfu kumi na moja. Yuko mbele yako. Shuka."

Bwana Chai akainama, akaniuma mkono uleule wa kulia. Akauma kama mbwa, akitikisa kichwa. Ncha ya kidole changu kidogo ilibaki kinywani mwake. Nilipiga kelele na sikuinua mguu. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kwenye ule mguu.

"Shuka. Mwanangu, shuka."

Redioni, kwa sekunde chache ambazo sitazisahau, hakukuwa na kitu.

Kisha kishindo, mtu akipumua kwa nguvu, kengele zikilia ndani ya chumba cha rubani.

"Amepita," kijana akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Amepita juu yetu. Dada, nimeona madirisha yake. Nimeona watu."

Waya ukalegea.

Bwana Chai alikaa chini pembeni yangu, kwa utulivu, kama mtu aliyechoka kutembea. Alinitazama. Sasa yalikuwa macho yake mwenyewe, na yalikuwa yamejaa machozi. Akafungua mdomo kutaka kuniambia jambo. Kitu fulani kikaufunga mdomo ule kwa nguvu. Ukafunguka. Ukafungwa tena. Mara kadhaa, haraka, kama cherehani, na kila mara damu ilimrukia kifuani. Nilijitupa juu yake nikajaribu kumshika taya kwa mkono uliobaki mzima. Sikuweza. Lilikuwa gumu kama mlango wa chuma.

Mwishowe likaachia. Akaegemea ukuta. Hakuwa na ulimi.

Na redio ikaita.

Ilikuwa ile ndege kubwa. Rubani wake, mtu mzima, alikuwa anajitahidi asitetemeke. "Tumekuwa tukiwaita ng'ambo, wamenyamaza ghafla. Tumenusurika kugongana na mtu. Je, kuna anayetusikia?"

Kulikuwa na watu zaidi ya mia ndani ya ile ndege, na nyingine ile pungufu kidogo, zote mbili kwenye wingu moja, na mimi ndiye pekee niliyekuwa najua ziko wapi. Kwa hiyo nilijiinua. Nilimfunga Bwana Chai kitambaa mdomoni nikamlaza ubavu ili asisongwe na damu yake. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, nikavuta maikrofoni.

"Nakusikia," nikasema. "Shika kimo ulichonacho. Nitakuleta."

Nilimleta. Nilimrudisha na kijana pia. Nilikuwa nikisema namba na kutema damu, nasema namba na kutema damu, na kwa mkono mmoja nashikilia kichwa cha yule mzee mapajani pangu. Simu ya kituo kwa kituo iliita muda wote huo. Sikuigusa. Watu wa zimamoto walipopanda ngazi na kuufungua mlango, mkubwa wao alitutazama, akatoka nje, akasikika akitapika kwenye ngazi.

Walipekua chumba kile kwa tochi, chini ya meza, nyuma ya makabati. Ncha ya kidole changu waliipata. Ulimi wa Bwana Chai hawakuupata.

Na kule ng'ambo, polisi walimkuta mwenzetu kwenye kibanda cha jenereta, amefungwa mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Daktari alisema alikuwa amekufa tangu mchana. Koo lilikuwa limepasuliwa, na ulimi ulikuwa umetolewa kwa kupitia hapo, kwa uangalifu, kama kazi ya mtu aliyejifunza. Kiti chake cha kazi kilikuwa kitupu. Mlinzi wa geti aliapa kwamba jioni nzima alimsikia kupitia dirishani akiongea na ndege. Kwenye meza, mbele ya maikrofoni, kulikuwa na kisahani cha bati. Kilikuwa kimelowa. Hakikuwa na kitu.

Mlinzi huyohuyo alikumbuka mgeni aliyekuja mchana. Msafi, mwenye adabu, kabeba mkoba. Aliuliza ni nani kati ya watu wa pale ndiye anayesema na ndege. Walipomuuliza mlinzi kama mgeni alikuwa mwanamume au mwanamke, alifungua mdomo, akafikiri, akaanza kulia. Hakuwa akijua.

Nilikwenda mazishini na shingo yangu imefungwa. Ndipo nilipouona uso wa Kaka Ng'ambo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwaza, ana kovu dogo kwenye nyusi. Mjane wake alinishika mkono ulio mzima, akanivuta chumbani mbali na watu.

"Wewe ndiye dada'ke wa simu," akasema.

"Ndimi, wifi. Pole."

"Kuna mtu alikuja hapa nyumbani, wiki mbili nyuma. Alikaa pale sebuleni, akamuuliza mume wangu swali moja. Ndege zinakutii? Mume wangu akacheka. Unamjua anavyocheka. Akamjibu, zinanitii kuliko watoto wangu. Yule mtu akamshukuru, akaondoka. Hakugusa hata maji niliyompa."

"Mwanamume au mwanamke?"

Machozi yakamtoka, naye akatikisa kichwa.

Bibi mmoja wa ukoo wao, aliyekuwa amekaa kitandani na ambaye nilidhani amelala, alisema bila kufumbua macho, "Wanatafuta ulimi unaotiiwa. Ulimi wa mtu anayesema panda, mamia wanapanda. Wakiupata, hauozi." Nilimuuliza anayefanya hivyo ni nani, na ndani ya zile ndege walikuwa wanamtaka nani. Akajifunika kanga usoni. Polisi nao walihoji kila abiria. Kati ya watu wote wale, nani asiye na mtu anayemchukia? Wakachoka, wakafunga jalada.

Kijana rubani alikuja kunisalimia hospitali nilikokuwa nikiunganishwa vidole. Alileta machungwa, akayaweka, akakaa pembeni ya kitanda akivuta vidole vyake kimoja kimoja vikilia.

"Dada, nataka kukuuliza, na usinione mwendawazimu."

"Uliza."

"Uliponiambia nishuke, nani alikuwa nawe redioni?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Nilikusikia unapiga kelele, shuka, shuka. Na hapohapo, juu ya kelele zako, nilikusikia unasema kwa utulivu, endelea kupanda, hakuna tatizo. Zilikuwa sauti zako zote mbili, kwa pamoja. Ile tulivu ndiyo niliyoizoea. Ile ndiyo yako ya kila siku."

"Mbona hukuifuata?"

Alifikiri. "Ile ya kelele ilikuwa inapumua," akasema.

Nilimwomba asimweleze mtu. Nilimwambia ni mwangwi, ni mitambo. Alikubali haraka sana, kama mtu aliyekuwa akiomba aambiwe hivyo.

Bwana Chai alipona majeraha, akarudi kwa wanawe. Huandika kwenye ubao akitaka kitu. Niliwahi kumwandikia mimi, kwa mkono wangu wa kushoto: ulisikia nini kwenye simu? Alichukua chaki. Akaandika, *Mama yangu*. Akafuta kwa kiganja, akafuta tena mahali palipokuwa tayari peupe.

Nilirudi kazini vidole vilipopona. Nilitaka kurudi. Watu waliniambia nipumzike zaidi, lakini nilikuwa naipenda kazi ile na sikutaka kunyang'anywa. Rada ilikuwa imetengenezwa. Mchana ule anga lilikuwa safi, jua kali, huoni wingu hata la dawa. Pembeni yangu alikaa mwongozaji mwenzangu, mwanamume mwenye sauti nzito kama pipa. Kwenye rada nilikuwa na ndege mbili tu. Moja elfu tisa, nyingine chini yake, kwenye elfu saba, inavuka. Hakuna cha kuhangaisha.

Nilikuwa nakunywa maji. Glasi ilikuwa mdomoni mwangu.

"Nimekupata," rubani wa juu akasema. "Naacha elfu tisa, nashuka elfu saba. Asante, dada."

Niliitua glasi. Namba yake kwenye rada ilikuwa imeanza kupungua.

"Nani amekuambia ushuke?" nikamuuliza. "Rudi elfu tisa."

"Wewe, dada. Sasa hivi." Kisha akaita tena. "Dada, amua moja. Umeniambia nirudi, na umeniambia niendelee."

Mguu wangu ulikuwa umeshatoka kwenye kikanyagio.

Nilivua hedifoni, nikamtupia yule mwenzangu. "Sema wewe," nikamwambia. "Mwambie asimsikilize mwanamke yeyote. Mwambie apande." Alinitazama kama nimepagawa, lakini aliziona namba kwenye rada, akasema kwa ile sauti yake ya pipa. Rubani alipanda. Walipishana salama, na karibu kuliko inavyoruhusiwa.

Nilichukua mkoba wangu, nikashuka ngazi. Sikurudi tena juu. Siku hizi nashona nguo nyumbani, na mume wangu huwaambia wageni kwamba nimekuwa mtu wa maneno machache. Ni kweli. Nikihitaji chumvi mezani, nanyoosha kidole.

Yule mwenzangu hunipigia mara mojamoja kunijulia hali. Nampenda kwa hilo, ingawa wiki iliyopita aliaga mara mbili na hakukata simu. Nilimlazimisha aseme. Akasema tangu niondoke hakuna mwanamke aliyewekwa zamu ya jioni mnarani. Wote ni wanaume. Na bado, taa zikishawashwa kwenye njia ya kurukia, kuna marubani ambao huaga kabla ya kuvuka vilima, kwa heshima, kama walivyozoea.

"Asante, dada," wanasema. "Tumekusikia."